Mtetemeko wa Mikono Utokanao na Dawa Zinazoandikwa Kila Siku: Chanzo, Dalili na Lugha ya Kuueleza

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mtetemeko wa mwili, hususani wa mikono, unaosababishwa na dawa ambazo wagonjwa wengi huandikiwa kwa maradhi ya kawaida kama vile pumu, kifafa, kutapika, kizunguzungu, kisukari na maradhi ya akili. Yanaeleza namna dawa hizo zinavyoingilia kazi ya misuli na ubongo, yanatofautisha mtetemeko usio na hatari na ule unaohitaji msaada wa haraka, na yanajadili kwa nini mtetemeko huu husahaulika au hupewa jina la ugonjwa mwingine. Aidha, makala yanadai kwamba sehemu ya tatizo ni ya kiisimu: neno moja la Kiswahili hubeba hali nyingi mno, na maneno tunayotumia kuitaja athari ya dawa humfanya mgonjwa aidharau.

1.0 Utangulizi

Katika mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya uzamivu nilikwenda Tanga kumtembelea mama mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 71. Alinikaribisha chai kama ilivyo desturi yake, ila safari hii hakuileta mwenyewe, alimwagiza mjukuu. Alipopokea kikombe chake, kikombe kiligonga kisahani mfululizo mpaka akakiweka mkekani. Nilipomuuliza alinijibu, "Uzee huo, mwanangu." Jirani aliyekuwapo alikuwa na maelezo mengine, ambayo hakuyasema mpaka tulipotoka uani. Hakuna hata mmoja kati yetu, mimi nikiwemo, aliyevifikiria vidonge vilivyokuwa ndani ya bahasha ndogo juu ya kabati. Baadaye ilibainika kuwa ni sinarizini, dawa ya kizunguzungu. Aliandikiwa ya wiki mbili. Yeye aliendelea kuinunua kwa miaka mitatu, kwa kuwa ilimsaidia na hakuna aliyemwambia aache.

Nimepata ruhusa yake ya kusimulia kisa hiki pasipo kumtaja jina. Nakianzia makala kwa sababu kinaonesha jambo ambalo vitabu vya famakolojia hulieleza bayana lakini mazungumzo ya nyumbani, na mara nyingine ya zahanati, hayalifikii: kwamba mkono unaotetemeka unaweza kuwa unatetemeshwa na dawa. Ikumbukwe kuwa mwandishi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si tabibu. Maelezo ya kitabibu yaliyomo humu ni yale yaliyokwisha kukubalika katika taaluma hiyo. Kilicho changu ni namna ya kuyapanga na hoja kuhusu lugha. Msomaji anayetumia mojawapo ya dawa zitakazotajwa asiiache kwa sababu ya makala haya. Sababu ya onyo hili itadhihirika mbele, kwani baadhi ya dawa hizi ni hatari zaidi zikikatizwa ghafla kuliko mtetemeko wenyewe.

2.0 Mtetemeko na Aina Zake

Kila mkono wa binadamu aliye hai hutetemeka. Anayetilia shaka anyooshe mkono mbele yake, auweke ubapa, kisha aombe mtu amwekee karatasi nyepesi juu ya vidole. Ncha za karatasi zitaonesha kile ambacho jicho halikioni. Huu ndio mtetemeko wa kimaumbile, nao huenda kwa kasi ya mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Hutokana na ukweli kwamba msuli haukazi kwa mvuto mmoja ulio laini, bali kwa mipigo midogo mingi inayopishana na kuungana. Woga, njaa, uchovu, baridi na kahawa nyingi huukuza mtetemeko huu mpaka ukaonekana wazi. Mtahiniwa aliyeingia katika chumba cha utetezi wa tasnifu anaujua vizuri.

Mbali na huo, wataalamu hutenganisha mitetemeko kwa kuangalia ni wakati gani inatokea. Kwa kuwa Kiswahili hakina istilahi zilizozoeleka kwa tofauti hizi, makala haya yanapendekeza tatu. Mtetemeko wa utulivu ni ule unaoonekana mkono ukiwa umepumzika, kwa mfano umelazwa juu ya paja, na ambao hupungua mtu anapoutumia mkono huo. Mtetemeko wa kushikilia ni ule unaojitokeza mtu anapouweka mkono katika mkao fulani dhidi ya uzito, kama vile kunyanyua kikombe au kunyoosha vidole. Mtetemeko wa kulenga ni ule unaozidi kadiri mkono unavyokaribia shabaha. Mtu akitaka kugusa ncha ya pua yake, kidole huyumba zaidi kinapokaribia kufika.

Tofauti hizi zina kazi. Mtetemeko wa kushikilia mara nyingi ni ule wa kimaumbile uliokuzwa. Mtetemeko wa utulivu, unaokwenda polepole zaidi, yaani mara 4 hadi 6 kwa sekunde, huelekeza katika upungufu wa kemikali ya dopamini katika sehemu za ndani za ubongo zinazosimamia mwendo. Ndio unaoambatana na ugonjwa ulioelezwa na tabibu Mwingereza James Parkinson mwaka 1817. Mtetemeko wa kulenga huelekeza katika ubongo wa nyuma, unaoratibu mizani na shabaha. Dawa zinaweza kuleta aina zote tatu, na aina inayoletwa hutuambia ni mlango upi dawa imepitia.

3.0 Dawa Zinazokuza Mtetemeko wa Kimaumbile

Mfano ulio karibu na watu wengi ni salbutamoli, dawa ya pumu. Salbutamoli hulegeza misuli inayozunguka njia za hewa kwa kugusa vipokezi maalumu vilivyomo ndani yake. Tatizo ni kwamba vipokezi vya aina hiyohiyo vimo pia katika misuli ya mikono na miguu. Dawa inapovifikia, huufanya kila mpigo mdogo wa msuli uishe upesi kuliko kawaida, mipigo isiungane barabara, na mkono ukaanza kutetemeka. Moyo nao huenda mbio. Kwa hiyo mgonjwa hufikiri kwamba dawa "ni kali mno" au kwamba haipatani na damu yake.

Hapa kuna jambo ambalo naona linastahili kusemwa kwa tarakimu. Mvuto mmoja wa salbutamoli ya inhela huwa na mikrogramu 100. Kidonge kimoja cha salbutamoli cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, yaani sawa na mivuto 40 kwa uzito. Tena kidonge hakiendi moja kwa moja kwenye mapafu. Hupitia tumboni na kusambaa mwilini kote kupitia damu, mikono ikiwemo. Si ajabu basi kwamba watumiaji wa vidonge hutetemeka zaidi ya watumiaji wa inhela. Hata hivyo, vidonge huendelea kupendwa kwa kuwa ni rahisi na vimezoeleka, na kwa kuwa wapo wanaoamini kuwa inhela "humzoesha" mtu hata asiweze kuishi bila hiyo. Imani hii ya mwisho haina msingi, lakini gharama yake hulipwa kwa mikono inayotetemeka. Kwa wazazi ambao mtoto wao hawezi kuvuta inhela kwa mpangilio, watafiti wa Afrika Kusini, Zar na wenzake (1999), walionesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri pale inhela inapoingia, hufanya kazi ya chombo cha kuvutia dawa sawa na kile kinachouzwa.

Mtetemeko wa salbutamoli kwa kawaida hupungua mwili unapozoea dawa, nao hauharibu neva. Hatari iko kwingine. Dawa inayotumiwa sana kutuliza mtetemeko wa kushikilia ni propranololi, na propranololi huweza kubana njia za hewa za mwenye pumu. Mgonjwa akienda dukani na kusema tu kwamba mikono inatetemeka, bila kutaja inhela iliyomo mfukoni, anaweza kurudi nyumbani na dawa inayopigana na ile inayomwokoa.

Valproeti ya sodiamu, inayotumiwa kwa kifafa, huleta mtetemeko wa kushikilia unaofanana sana na ule wa kurithi unaopatikana katika baadhi ya koo. Unategemea dozi: dozi ikipanda, mtetemeko hupanda, dozi ikipunguzwa, hushuka. Kwa hiyo daktari ana nafasi ya kurekebisha. Kinachotia hofu ni mgonjwa kujirekebishia mwenyewe. Kijana fundi cherehani ambaye mkono wake umeanza kukosa mstari ana kila sababu ya kuichukia dawa hiyo, na akiona amekaa miezi bila kuanguka anaweza kuamua kuacha. Kukatiza dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa degedege usiokoma, hali inayoweza kuua. Baina ya mkono unaotetemeka na mfululizo huo hakuna ulinganisho, lakini kijana huyo halazimiki kuchagua kati ya hayo mawili. Anachohitaji ni mtu wa kumsikiliza kabla hajaamua peke yake.

Kundi hili ni kubwa, nami sitalimaliza. Amitriptilini na fluoksetini, zitumikazo kwa sonona, zimo, aminofilini na theofilini zimo, prednisoloni imo, dawa za homoni ya thairoidi zimo dozi inapozidi. Dawa zinazowazuia waliopandikizwa figo wasiikatae figo mpya, hasa takrolimasi na saiklosporini, hutetemesha mikono ya wengi. Kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu vikiongezwa juu ya mojawapo ya dawa hizi, mtetemeko huongezeka, na hili ni jambo ambalo mgonjwa anaweza kulijaribu mwenyewe kwa usalama: aache kahawa wiki moja na atazame.

4.0 Dawa Zinazoziba Njia ya Dopamini

Mlango wa pili ni wa ndani zaidi. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Uswidi, Arvid Carlsson, aliwapa sungura reserpini, dawa iliyokuwa ikitumiwa kwa shinikizo la damu. Sungura wakapooza mwendo, wakabaki wametulia kama waliochongwa. Alipowachoma levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, wakaanza tena kujimudu. Jaribio hilo lilifungua njia ya kuelewa ugonjwa wa Parkinson na kulichangia Carlsson kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kwa mada yetu linatoa funzo la upande wa pili: kwamba dawa, peke yake, inaweza kumfanya kiumbe mzima aonekane mgonjwa wa Parkinson.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili ni za maradhi ya akili: haloperidoli, klopromazini, na sindano ya flufenazini ambayo mgonjwa huchomwa mara moja kwa wiki kadhaa. Hizi huvikalia vipokezi vya dopamini ili kutuliza sauti na mawazo yanayomsumbua mgonjwa, na kwa kufanya hivyo huzuia pia dopamini inayosimamia mwendo. Katika siku au majuma ya mwanzo, na mara nyingi kabla ya miezi mitatu kupita, mgonjwa huanza kutembea kwa hatua fupi, mikono haipungi, uso hauna mabadiliko, na vidole hutetemeka vikiwa vimetulia. Ndugu huona kwamba "amepumbaa" na huamini ni ugonjwa wenyewe umemfikia hapo. Dawa iitwayo benzeksoli hutolewa kupunguza hali hii, lakini Shirika la Afya Duniani halishauri itolewe kwa kila mgonjwa kama kinga. Kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa na kuziba mkojo, na hatua ya kwanza inayofaa mara nyingi ni kupunguza dozi ya dawa ya msingi au kuibadili.

Hata hivyo, daktari anayeandika haloperidoli anajua anachokitazamia. Zile zinazonisumbua zaidi ni dawa ambazo hakuna anayezidhania. Metoklopramidi hutolewa kwa kichefuchefu na kutapika. Sinarizini hutolewa kwa kizunguzungu. Zote mbili huzuia dopamini, na zote mbili hutazamwa kama dawa ndogo, za kumeza na kusahau. Mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulipendekeza kwamba metoklopramidi isitumiwe zaidi ya siku 5 na isizidi miligramu 30 kwa siku kwa mtu mzima, kwa sababu ya madhara yake katika neva. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imekwisha kutoa onyo kali mwaka 2009 kuhusu matumizi ya muda mrefu, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuacha mienendo isiyotakiwa ya mdomo na ulimi ambayo pengine haiondoki hata dawa ikiachwa.

Jerry Avorn na wenzake (1995) walichunguza kumbukumbu za wagonjwa wazee wa jimbo la New Jersey nchini Marekani. Waligundua kwamba wazee waliokuwa wakitumia metoklopramidi walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu wa kuanzishiwa levodopa, dawa ya Parkinson, kuliko wasioitumia. Maana yake ni kwamba athari ya dawa ya kwanza ilisomwa kama ugonjwa mpya, na ugonjwa huo mpya ukaandikiwa dawa ya pili. Levodopa nayo huleta kichefuchefu. Msomaji atajaza mwenyewe dawa itakayoandikwa kwa kichefuchefu hicho.

Katika mazingira yetu mkondo wa makosa unaweza kuwa kinyume: badala ya dawa kuongezwa, mgonjwa huachwa bila jina lolote. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya zaidi ya watu 160,000 na kuwabaini watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa kabla ya hapo kwamba wanaugua ugonjwa huo. Ikiwa Parkinson wenyewe unaishi miongoni mwetu bila kutambuliwa, mtetemeko wa dawa unaoufanana utatambuliwa na nani?

Ziko alama za kusaidia. Parkinson wenyewe kwa kawaida huanzia upande mmoja wa mwili na kukua kwa miaka. Ule wa dawa mara nyingi hushika pande zote mbili na kukua kwa majuma au miezi baada ya dawa kuanza au dozi kupandishwa. Alama hizi si sheria. Wapo ambao dawa huwaamshia ugonjwa uliokuwa umejificha, nao hawatapona hata dawa ikiachwa. Ndiyo maana uamuzi ni wa daktari, na muda wa kusubiri huwa mrefu. Mama mkubwa alipopelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Unatumia dawa gani, mama, hata zile unazonunua mwenyewe?" Sinarizini ilisimamishwa. Mwezi wa kwanza hapakuwa na mabadiliko, na familia ilianza kunung'unika kwamba daktari amemwondolea dawa pasipo kumpa nyingine. Mwezi wa nne aliweza kutia uzi katika sindano kwa kuegemeza kiwiko. Hakurudi kabisa alikokuwa, walau hadi ninapoandika, lakini kisahani hakigongi.

5.0 Lithiamu: Pale Mtetemeko Unapokuwa Onyo

Lithiamu inahitaji sehemu yake, kwani ndani ya dawa hii moja mtetemeko unaweza kuwa kero au king'ora. Matumizi yake kwa wagonjwa wa baipola yalianza na ripoti ya daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa zaidi kwa ugonjwa huo. Kiasi chake katika damu kinatakiwa kukaa kati ya takribani milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, damu ikipimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikipita 1.5, dalili za sumu hutarajiwa. Nafasi kati ya tiba na sumu ni nyembamba, na wazee wanaweza kudhurika hata kabla ya kufika hapo. Kwa sababu hiyo dawa hii haifai kutolewa mahali ambapo kipimo cha damu hakipatikani.

Katika kiwango kinachofaa, wagonjwa wengi hupata mtetemeko mwembamba wa kushikilia, wa haraka, unaoonekana vidole vikinyooshwa. Huo unaweza kuvumilika. Sumu inapoanza kujikusanya mtetemeko hubadilika: unakuwa mnene, unayumbisha mkono mzima, unazidi mkono unapolenga kitu, na unaandamana na kutapika, kuhara, kupepesuka, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa. Mtu aliyefika hapa huonekana kama mlevi, na majirani wanaweza kumchukulia hivyo. Anahitaji hospitali siku hiyohiyo, si kesho yake.

Kinachomsogeza mgonjwa kutoka mtetemeko mwembamba hadi mnene mara nyingi ni jambo dogo. Lithiamu hutolewa na figo, na figo huishughulikia kama inavyoshughulikia chumvi. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo huishikilia lithiamu pamoja na chumvi. Kuhara kwa siku mbili, jasho la kazi ya jua kali la Machi katika mwambao wetu, au saumu ya Ramadhani bila kushauriana na daktari, vyote vinaweza kupandisha kiwango. (Sheria ya Kiislamu inampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, aliye katika lithiamu ana sababu ya kuiulizia ruhusa hiyo mapema.) Dawa nyingine nazo hufanya hivyo: haidroklorothiazidi, enalaprili na lisinoprili za shinikizo la damu, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Mtu anayeumwa mgongo akanunua diklofenaki za wiki moja hajafanya jambo geni machoni pa mtu yeyote. Akiwa anatumia lithiamu, amefanya jambo la hatari.

6.0 Mtetemeko Usiosubiri

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, mkono unaotetemeka pamoja na jasho jembamba, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio ni dalili kwamba sukari ya damu imeshuka. Hapa hakuna cha kuchunguza aina ya mtetemeko. Apewe sukari au kinywaji chenye sukari mara moja ikiwa anaweza kumeza. Propranololi inaweza kuuficha mtetemeko huu na mapigo ya moyo, ingawa jasho hubaki. Kwinini, ambayo bado hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa malaria, nayo hushusha sukari, hasa kwa wajawazito, na kwa mgonjwa wa malaria mtetemeko wa sukari hujificha kwa urahisi nyuma ya mtetemeko wa homa.

Mtetemeko mwingine huja dawa inapoondoka. Aliyezoea diazepamu kwa miezi akaiacha ghafla anaweza kutetemeka, kukosa usingizi na hata kupata degedege. Hali kadhalika mnywaji wa pombe wa kila siku aliyelazwa wodini kwa sababu nyingine: saa chache baada ya kinywaji chake cha mwisho mikono huanza kumsaliti, na asipowaambia wauguzi ukweli hawatajua wanachokitazama.

7.0 Tatizo la Lugha

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Tuna kutetemeka, kugwaya kwa hofu, kitapo cha baridi au homa, kutikisika, kutukutika. Lakini chumbani mwa daktari utajiri huo wote huporomokea katika kauli moja: "Natetemeka." Anayesikia kauli hiyo katika nchi yenye malaria hufikiri kwanza homa, na hana kosa kufikiri hivyo. Mgonjwa naye akipimwa akaambiwa hana malaria, huondoka akiamini kwamba hana kitu. Swali ambalo lingewaokoa wote wawili halihitaji istilahi wala kifaa: "Mikono inatetemeka ikiwa imelala mapajani, au ukinyanyua kikombe?" Na la pili: "Ilianza kabla au baada ya dawa hii?"

Jambo la pili ni jina tulilolipa tatizo. Katika kliniki nyingi, hasa za uzazi wa mpango, athari za dawa huitwa "maudhi madogo madogo". Nia ya jina hilo ni njema. Linakusudia kumtoa mtu hofu ili asikatize huduma. Lakini maudhi ni kero, kitu cha kuvumiliwa na mtu mwenye adabu, na udogo wake umesisitizwa mara mbili. Mzee aliyelelewa kutosumbua watu hawezi kwenda hospitali kulalamikia maudhi madogo madogo. Neno "madhara" nalo lina kasoro ya upande wa pili, kwani linamwambia anayetetemeka kidogo kwa salbutamoli kwamba amedhuriwa, na huenda akaitupa inhela. Kwa maoni yangu "athari isiyokusudiwa" ni afadhali, ijapokuwa ni ndefu: haimtishi mtu wala haimnyamazishi, na inaacha nafasi ya kuuliza ni athari ya ukubwa gani. "Madhara" libaki kwa yale yanayodhuru kweli, kama lithiamu iliyozidi. Nchini Tanzania Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za athari za dawa, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuzitoa, si lazima asubiri mtumishi wa afya. Ni vigumu kumtarajia mtu aandike taarifa rasmi juu ya maudhi.

La mwisho ni maandishi. Kikaratasi cha maelezo kilichomo ndani ya boksi la dawa kwa kawaida kimeandikwa kwa Kiingereza, na wanunuzi wengi hata boksi hawalioni, kwa kuwa vidonge huhesabiwa na kutiwa katika bahasha ndogo. Juu ya bahasha huandikwa dozi: 1 x 3. Tulipokuwa tunamtayarisha mama mkubwa kwenda kwa daktari tulizikusanya bahasha zake zote, sita kwa jumla, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la dawa wala tarehe ya kuacha. Ilibidi kidonge chenyewe kipelekwe kwa mfamasia, akakigeuza kiganjani na kuisoma alama iliyochongwa juu yake, ndipo tukajua anakunywa nini.